Kupandisha PostgreSQL kutoka toleo la 13 hadi la 17 bila kupoteza data: nilivyofanya na ninavyoshauri

#1 (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa,

Maswali kuhusu kupandisha seva ya hifadhidata kwenda toleo kuu jipya yamekuwa yakirudi hapa mara kwa mara, na majibu mengi huishia kwenye amri moja ya kunakili na kubandika. Naandika kwa urefu kwa sababu amri hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi hii nimeifanya mara kadhaa, mara moja kwa kuumia, na mara ya karibuni ilikuwa seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo yenye data ya gigabaiti 180 hivi, iliyokuwa bado kwenye PostgreSQL 13 (PostgreSQL ni programu ya kuendesha hifadhidata). Toleo hilo lilitoka Septemba 2020, na kwa kuwa kila toleo kuu huhudumiwa kwa miaka mitano, muda wake ulikwisha Novemba 2025. Tundu la usalama litakaloonekana ndani yake baada ya hapo halitazibwa na watengenezaji, na mtu anayetunza akiba za watu hawezi kulala na hali hiyo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Tangu toleo la 10 lililotoka mwaka 2017, namba ya kwanza ndiyo toleo kuu na ya pili ni toleo dogo. Kutoka 13.4 kwenda 13.22 unabadilisha programu, unawasha seva upya, basi. Faili za data hubaki kama zilivyo. Kutoka 13 kwenda 17 ni habari nyingine, kwa sababu majedwali ya ndani ambayo PostgreSQL huyatumia kujua ina majedwali gani, safu gani na watumiaji gani hubadilika muundo. Ukiielekeza programu ya toleo la 17 kwenye saraka ya data ya toleo la 13, itakataa kuwaka na kukueleza kwamba saraka hiyo ilianzishwa na toleo lisilopatana nalo. Kukataa huko ni ulinzi. Nimewahi kumwona mtu akihariri faili ya PG_VERSION ili kuipita kinga hiyo. Tafadhali, asifanye hivyo mtu yeyote anayesoma hapa.

Njia za kuhama ni tatu. Ya kwanza ni kutoa data yote kwa pg_dump na kuirudisha kwenye seva mpya kwa pg_restore. Ni njia safi, indeksi zote (orodha zilizopangwa zinazosaidia kupata rekodi haraka) hujengwa upya, lakini muda wake hukua kadiri data inavyokua. Ukiitumia, tumia pg_dump ya toleo jipya kusoma seva ya zamani, na usisahau pg_dumpall --globals-only, kwa sababu pg_dump peke yake haichukui watumiaji wala nywila zao. Ya pili ni pg_upgrade, ambayo hujenga upya yale majedwali ya ndani tu na kuzihamisha faili za data zilivyo. Ya tatu ni urudufishaji wa kimantiki, ambapo seva mpya hufuata ya zamani hadi dakika ya kubadilishana. Mimi nilitumia ya pili, na ndiyo nitakayoieleza zaidi.

Kabla ya hapo nieleze niliumia wapi, kwa kuwa maandalizi yangu yote ya sasa yametoka pale.

Ilikuwa katika ofisi niliyofanyia kazi zamani. Tuliamua kufanya mambo mawili usiku mmoja: kuhama kutoka CentOS 7 kwenda mfumo endeshi mpya zaidi, na hapo hapo kupandisha PostgreSQL. Tulihamisha saraka ya data, tukaendesha pg_upgrade, ikamaliza bila kosa hata moja, tukaenda kulala tukiwa na furaha. Asubuhi karani wa dirishani akaandika namba ya mwanachama, mfumo ukajibu kwamba mwanachama huyo hayupo, na huku mwenyewe amesimama mbele yake ameshika kitabu cha akiba. Karani, kwa nia njema kabisa, akamsajili upya kwa namba ile ile. Mfumo ukakubali, ingawa safu ile ilikuwa na indeksi ya upekee iliyopaswa kukataa. Hadi saa sita mchana tulikuwa na wanachama kadhaa walioandikwa mara mbili, kila mmoja akiwa na amana upande huu na mkopo upande ule.

Chanzo hakikuwa pg_upgrade wala PostgreSQL. Namba za wanachama zilikuwa na kistari, na PostgreSQL, kwa mipangilio ya kawaida ya wakati ule, iliiachia maktaba ya glibc ya mfumo endeshi iamue herufi zipi zitangulie zipi. Glibc 2.28 ya mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio huo. Yeyote anaweza kujionea kwa mstari huu mmoja:

( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort

Kwenye CentOS 7, yenye glibc 2.17, 11 hutangulia 1-1. Kwenye mfumo wenye 2.28 au zaidi, 1-1 hutangulia 11. Sasa fikiria indeksi kama kamusi iliyopangwa kwa utaratibu wa zamani, na msomaji anayepekua kwa utaratibu mpya: anafika kwenye ukurasa ambapo neno lingepaswa kuwa, halipo, anahitimisha kuwa halimo katika kamusi nzima. Rekodi ilikuwepo kwenye jedwali wakati wote. Indeksi ndiyo haikuweza kuifikia. Na kwa kuwa ukaguzi wa upekee hutumia indeksi hiyo hiyo, ukapitisha namba ambayo tayari ilikuwepo. REINDEX, amri ya kujenga upya indeksi, ingeponya yote hayo kwa dakika chache kama ingefanywa kabla ya kufungua mlango. Ilipofanywa baada ya mlango kufunguliwa ilikataa, kwa sababu tayari kulikuwa na namba zinazofanana, na tukatumia siku nyingi kuunganisha wanachama mmoja mmoja kwa mkono, mhasibu akiwa amekaa pembeni na daftari lake.

Tangu siku hiyo sibadilishi mfumo endeshi na toleo la hifadhidata usiku mmoja. Kwenye chama hiki, tulihamia Rocky Linux 9 miezi kadhaa kabla, tukiwa bado na toleo la 13, tukajenga upya indeksi zote zenye safu za maandishi, tukazikagua kwa bt_index_check ya kiendelezi (programu ya nyongeza) cha amcheck, tukaacha mambo yatulie. Ndipo tukaanza kuzungumzia toleo la 17.

Mazoezi tulianza wiki tatu kabla. Nilichukua seva nyingine na kuirudishia data kutoka kwenye nakala rudufu ya kila usiku, ile ile tunayoitegemea siku ya msiba, kwa makusudi ya kuijaribu nayo. Kisha nikaandaa klasta mpya tupu, yaani saraka ya data na seva inayoihudumia, ya toleo la 17 na kuendesha ukaguzi:

/usr/pgsql-17/bin/pg_upgrade -b /usr/pgsql-13/bin -B /usr/pgsql-17/bin -d /var/lib/pgsql/13/data -D /var/lib/pgsql/17/data --clone --check

Ukaguzi huu haubadilishi chochote, na unaweza kuuendesha hata seva ya zamani ikiwa bado inafanya kazi. Ulitukwamisha mara mbili. Mara ya kwanza ulitoa faili iitwayo loadable_libraries.txt, iliyoorodhesha maktaba za kiendelezi kilichokuwepo kwenye toleo la 13 na ambacho hatukuwa tumekisakinisha kwa toleo la 17. Mara ya pili ulilalamikia fanksheni moja ya kujumlisha iliyoandikwa miaka mingi iliyopita na mtu ambaye hayupo tena, iliyotumia array_cat. Toleo la 14 lilibadilisha aina ya data ambazo fanksheni kadhaa za safu-orodha hupokea, array_append na array_cat zikiwemo, kwa hiyo vitu vilivyojengwa juu yake lazima vifutwe kabla ya kupanda na kuundwa tena baada ya kupanda. Hilo limeandikwa wazi katika maelezo ya toleo la 14. Ndiyo maana nasisitiza: anayetoka 13 kwenda 17 anaruhusiwa kuruka moja kwa moja, pg_upgrade haidai upitie matoleo ya katikati, lakini maelezo ya 14, 15, 16 na 17 yote anapaswa kuyasoma, hasa sehemu inayohusu kuhama.

Kuhusu namna ya kuhamisha faili, hapa ndipo usalama wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukiendesha pg_upgrade bila chaguo lolote, hunakili faili zote: salama, lakini polepole, na unahitaji nafasi ya diski mara mbili. Ukitumia --link, hainakili. Inazipa faili zile zile jina la pili ndani ya saraka mpya. Ni haraka mno, ila klasta mbili zinakuwa zinashika kitu kimoja, na mara tu ukiiwasha klasta mpya, ya zamani haiwezi kuwashwa tena kwa usalama. Njia ya kurudi imefungwa dakika hiyo, kabla hata hujajaribu chochote. Chaguo la tatu, --clone, hutegemea uwezo wa mfumo wa faili kushiriki vipande vya diski hadi upande mmoja utakapoandika. XFS yenye reflink inaweza, Btrfs inaweza. Kwenye Rocky Linux 9 XFS huundwa na reflink ikiwa imewashwa. Hakikisha kwa xfs_info, na hakikisha saraka mbili ziko kwenye mfumo mmoja wa faili. Tulipata kasi inayokaribia ya --link, huku klasta ya 13 ikibaki nzima bila kuguswa. Nasikitika kuona njia hii haitajwi sana.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Jumamosi. Saa tatu usiku tulisimamisha programu zote na kufunga malipo ya simu, tukahakikisha kwenye pg_stat_activity kwamba hakuna aliyebaki ndani, tukachukua nakala rudufu ya mwisho. Kisha tukaandika kwenye karatasi matokeo ya maulizo machache, mojawapo likiwa hili:

SELECT count(*), sum(salio) FROM akaunti;

Tukazima klasta ya 13 kwa utaratibu wa kawaida. Seva yetu ya pili, inayofuata ile kuu, nayo tuliizima hapo hapo ikiwa imefikia sehemu ile ile, na hatukuigusa hadi Jumatatu. Ilikuwa njia yetu ya pili ya kurudi, na haikugharimu kitu. Kisha amri ile ile, safari hii bila --check. Pg_upgrade huwasha klasta kwenye mlango wa mtandao (port) 50432 badala ya 5432 ili programu isije ikajiunganisha katikati ya kazi, jambo ambalo nalithamini sana.

Faili za postgresql.conf (mipangilio ya seva) na pg_hba.conf (nani anaruhusiwa kuingia na kwa njia gani) hazihamishwi. Usipozishughulikia, seva yako yenye memori ya kutosha itawaka na shared_buffers ya megabaiti 128 na ukomo wa miunganisho 100. Tulikuwa tumeziandaa wakati wa mazoezi, tukilinganisha mstari kwa mstari, kwa sababu kunakili faili nzima ya zamani nako kuna hatari: mpangilio uliofutwa katika matoleo ya karibuni, kama vile old_snapshot_threshold, utazuia seva kuwaka. Angalieni pia nywila. Tangu toleo la 14 usimbaji wa kawaida wa nywila ni scram-sha-256, lakini nywila za zamani zilizohifadhiwa kwa md5 huhama zilivyo. Ukiandika scram-sha-256 kwenye pg_hba.conf kabla watumiaji hawajawekewa nywila upya, wote watakataliwa. Ukiacha md5, wa aina zote mbili wanaingia, na unaweza kuwabadilisha mmoja mmoja kwa wiki zinazofuata. Programu ya Java yenye dereva ya zamani kuliko 42.2.0 haiifahamu scram kabisa, hivyo anza na dereva.

Baada ya klasta ya 17 kuwaka, hatua inayosahauliwa kuliko zote ni takwimu. PostgreSQL huamua njia ya kutekeleza kila ulizo kwa kutazama takwimu ilizokusanya kuhusu majedwali, na pg_upgrade hadi toleo la 17 haizihamishi. Seva inakuwa nzima, data yote ipo, lakini ripoti iliyokuwa ikichukua sekunde mbili inachukua dakika kumi, na watu wanaanza kusema toleo jipya ni bovu. Amri ni hii:

vacuumdb --all --analyze-in-stages -j 4

Inapita mara tatu: kwanza kwa takwimu chache sana ili seva ipate pa kuanzia, kisha nyingi kidogo, kisha kamili. Sisi tulikuwa na Jumapili nzima, kwa hiyo tulisubiri zote tatu.

Tuliendesha tena maulizo yetu na kulinganisha na karatasi, mhasibu akafungua akaunti kumi alizozichagua mwenyewe, karani mmoja akaweka na kutoa fedha kwenye akaunti ya majaribio. Tulikuwa tumekubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba kama haya yote hayajapita ifikapo saa tisa usiku, tunaizima 17 na kuiwasha 13, na hakuna atakayebishana wakati huo akiwa na usingizi machoni. Mlango wa kurudi hufungwa na muamala wa kwanza wa mwanachama kuingia, kwa kuwa muamala huo utakuwa kwenye 17 peke yake. Ndiyo sababu malipo ya simu tuliyafungua mwisho kabisa, baada ya meneja kutia saini.

Kabla ya kulala, nakala rudufu mpya kamili. Kumbukumbu za miamala za toleo la 17 haziwezi kuendelezwa juu ya nakala ya toleo la 13, kwa hiyo usipochukua mpya unakuwa huna nakala yoyote ya maana tangu dakika hiyo. Wanaotumia pgBackRest, programu ya nakala rudufu, waanze na stanza-upgrade.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

#2

Ahsante sana mkuu kwa kuandika bila kuficha lililokuumiza. Mimi natunza mfumo wa kampuni ya usafirishaji wa mizigo, data inakaribia terabaiti mbili, toleo la 13 vilevile. Tatizo langu ni kwamba hatuna Jumapili. Magari yanaripoti saa zote, na wakubwa wamenipa dakika kumi na tano za kuzima, si zaidi. Mfumo wetu wa faili ni ext4, hivyo --clone haipo. Je, nitumie --link na kumwomba Mungu, au kuna njia nyingine?

#3 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, kwa hali yako --link ingetosha dakika kumi na tano, lakini ungekuwa umeikata njia ya kurudi. Ningekushauri urudufishaji wa kimantiki, pamoja na kwamba kazi yake ni kubwa zaidi. Unaandaa seva ya 17 pembeni, unanakili muundo wa majedwali kwa pg_dump --schema-only, unatengeneza chapisho (orodha ya majedwali ya kutuma) kwenye 13 kwa CREATE PUBLICATION na usajili kwenye 17 kwa CREATE SUBSCRIPTION, kisha data inahamia polepole wakati kazi inaendelea. Siku ya kubadilisha, unasimamisha maandishi upande wa zamani, unasubiri mpya iifikie ya zamani, unaelekeza programu upande mpya. Indeksi zote huko zinakuwa zimejengwa upya, kwa hiyo hata ukibadilisha mfumo endeshi kwa njia hii huna hofu ya kile kilichonipata.

Masharti yake ni haya. Wal_level iwe logical, jambo linalohitaji kuwasha seva upya mara moja, basi tafuta nafasi hiyo mapema. Muundo wa majedwali usibadilishwe hadi mwisho wa zoezi, kwa sababu mabadiliko ya muundo hayafuati. Sikwensi zinazotoa namba nazo hazifuati, na vitu vikubwa vya pg_largeobject vilevile. Na seva ya zamani hutunza kumbukumbu zote za miamala ambazo mpya haijazisoma. Msajili akikwama siku mbili bila mtu kutazama, diski ya seva ya kazi itajaa. Toleo la 13 lina max_slot_wal_keep_size ya kuweka ukomo, iweke.

Kubwa zaidi, tafuta majedwali yasiyo na ufunguo wa msingi (safu inayotambulisha kila rekodi) kabla ya kuunda chapisho. Jedwali kama hilo likiingia kwenye chapisho, kila UPDATE na DELETE juu yake itakataliwa kwenye seva ya zamani, yaani ile inayofanya kazi, mbele ya wateja wako. Ongeza ufunguo, au tumia REPLICA IDENTITY na indeksi ya upekee iliyopo.

#4

Naomba kuuliza, japo ni nje kidogo ya PostgreSQL. Shule yetu ina mfumo wa matokeo ya wanafunzi kwenye MySQL 5.7. Nimesoma kwamba muda wake ulikwisha. Je, naweza kuruka moja kwa moja kwenda 8.4 kama mlivyoruka kutoka 13 hadi 17?

#5

Nijibu mimi, maana nimeipita njia hiyo. Huwezi. MySQL 5.7 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2023, na kutoka hapo ni lazima upite 8.0 kwanza, uhakikishe imesimama vizuri, ndipo uende 8.4. Ukishaiwasha 8.0 juu ya saraka ya 5.7, huirudishi nyuma. Njia pekee ya kurudi ni nakala rudufu uliyochukua kabla, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye mashine nyingine.

Tumia MySQL Shell, ndani yake kuna util.checkForServerUpgrade(), ambayo itakutajia matatizo kabla. Kwa mfumo wa matokeo nakuonya jambo moja mahususi: kama jedwali lenu lina safu inayoitwa rank kwa ajili ya nafasi ya mwanafunzi, neno hilo limekuwa la MySQL yenyewe katika 8.0, pamoja na groups. Kila ulizo linalolitaja bila alama za kulinda litakufa. Sisi tulilikuta kwenye ripoti ya mwisho wa muhula, kwenye sehemu ya programu ambayo hufunguliwa mara mbili kwa mwaka, na hakuna aliyekumbuka kuijaribu. La pili, 5.7 ilikuwa ikipanga matokeo ya GROUP BY yenyewe, 8.0 haipangi. Orodha ya wanafunzi iliyokuwa ikitoka kwa mpangilio itatoka vururu vururu hadi uandike ORDER BY. La tatu, katika 8.4 mysql_native_password imezimwa, hivyo programu za PHP za zamani zitakataliwa mlangoni.

Na fanyeni likizo, si wiki ya kutoa matokeo.

#6

Uzi mzuri. Swali langu: toleo la 18 lilitoka Septemba 2025. Kwa nini ulipanda hadi la 17 wakati kazi ile ile ingekufikisha 18 na kukupa mwaka mmoja zaidi?

#7 (mwanzisha uzi)

Swali la haki. Waliotutengenezea mfumo wa chama walikuwa wameujaribu hadi 17 tu, na sikutaka kuwa wa kwanza kugundua tatizo kwa kutumia fedha za wanachama. Mtu asiye na kizuizi hicho ana sababu nzuri ya kwenda 18, mojawapo ikiwa kwamba pg_upgrade yake huhamisha sehemu kubwa ya takwimu, hivyo ile asubuhi ya ripoti za dakika kumi haimkuti. Bado aendeshe vacuumdb na --missing-stats-only kujaza zilizobaki, maana takwimu zilizoundwa kwa CREATE STATISTICS hazihami.

Ila ajue hili: initdb ya 18, amri inayoanzisha klasta mpya, huwasha yenyewe ukaguzi wa kurasa za data (checksums), na pg_upgrade hudai klasta mbili zifanane katika jambo hilo. Kama ya zamani haikuwa nao, pg_upgrade itakataa. Ama uanzishe klasta mpya kwa --no-data-checksums, ama uuwashe kwenye ya zamani kwa pg_checksums ikiwa imezimwa, kazi inayosoma na kuandika upya kila ukurasa na hivyo kutaka muda wake. Mimi ningeuwasha, wiki chache kabla.

#8 (aliyeandika #2)

Nimerudi na taarifa ya mazoezi. Nilijenga nakala ya mfumo mzima na kufuata njia ya urudufishaji. Majedwali yasiyo na ufunguo wa msingi nilidhani hayapo, nikakuta manne, moja likiwa lile la mahali yalipo magari, linaloandikwa kila baada ya sekunde chache. Ningelichapisha kwenye seva ya kazi bila kujua, magari yote yangeonekana yamesimama barabarani. Nimeyawekea funguo. Ubadilishaji wenyewe kwenye majaribio ulichukua dakika sita, lakini baada ya hapo hati ya kwanza ya mzigo ilikataliwa kwa kosa la ufunguo uliokwisha kutumika. Nadhani ndizo zile sikwensi. Nizishughulikie vipi, na niongeze nafasi kiasi gani ili kuwa salama?

#9 (mwanzisha uzi)

Ndizo zenyewe, na umefanya vyema kulikuta kwenye majaribio. Seva mpya ilipokea rekodi zote na namba zake, lakini sikwensi zake bado zilikuwa mwanzo, kwa hiyo ikatoa namba 1 ambayo imo tayari.

Baada ya kusimamisha maandishi upande wa 13, na si kabla, soma last_value ya kila sikwensi kutoka pg_sequences, tengeneza mistari ya setval kwa ulizo moja, kisha uiendeshe upande wa 17. Tayarisha ulizo hilo mapema ili usiku huo usiandike kitu kwa mkono. Kwa namba za ndani ambazo hakuna anayeziona, ongeza elfu moja juu yake uwe na amani. Kwa namba za hati za mizigo na stakabadhi usiongeze hata moja: weka thamani ile ile, setval itafanya inayofuata iwe moja zaidi, na mkaguzi wa hesabu hatakuuliza zilikokwenda namba zilizorukwa. Basi tenganisha orodha hizo mbili leo, ukikaa na mhasibu wenu, kwa sababu yeye ndiye anayejua namba ipi huchapishwa kwenye karatasi.

Jambo lingine kwa usiku wako. Baada ya kuelekeza programu upande wa 17, iweke 13 katika hali ya kusoma tu kwa default_transaction_read_only na uwaondoe watumiaji wa programu kwenye pg_hba.conf yake, maana mpangilio ule peke yake unaweza kupitwa na programu yenyewe. Sisi tulikuta kazi moja ya usiku iliyokuwa na anwani ya zamani ndani yake, kwenye faili ambayo haikuwa imetajwa popote. Usajili uufute kwa DROP SUBSCRIPTION baada ya kulinganisha hesabu za majedwali, ili nafasi yake (slot) kwenye seva ya zamani, ile inayozuia kumbukumbu zisifutwe, nayo ifutike na diski isiendelee kujaa. Utujulishe tarehe mtakayopanga. Nitakuwa macho usiku huo kama utahitaji mtu wa kumuuliza.